Nani abaki kwenye 26, nani ashushwe? Uzi wa kuchambua vikosi vya MLB

#1 BesiTatu

Wakuu, msimu wa MLB (ligi kuu ya besiboli Amerika Kaskazini) ni mechi 162 kwa miezi sita, na karibu kila siku kuna timu inamrudisha Triple-A (ngazi ya juu ya ligi ndogo) mrushaji kijana aliyerusha vizuri jana yake, huku mkongwe anayepigwa kila akipanda kilimani, pale pa kurushia, akibaki. Mashabiki wanamlaumu meneja. Ukifungua makaratasi unakuta kijana ana opsheni (klabu inaweza kumshusha ligi ndogo itakavyo) na mkongwe hana, na uamuzi ulifanyika hapo. Tuijadili kazi hii kwa kanuni na hesabu zake, maana ndiyo inayoamua timu itafika Oktoba, mwezi wa mtoano, ikiwa na mikono mizima au la.

Kikosi cha siku kina wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Kuanzia Septemba 1 kinakuwa cha 28, warushaji mwisho 14. Siku ya mechi mbili kila timu inaongeza mtu wa 27. Nyuma ya hao kuna orodha ya 40, yaani wote ambao klabu imewafunga kwa mkataba wa ligi kuu, wakiwemo wanaocheza ligi ndogo kwa opsheni. Asiyemo kwenye 40 hapandi mpaka atafutiwe nafasi humo kwanza, na hapo ndipo klabu nyingi hubanwa.

Warushaji 13 kwa kawaida hugawanywa watano wa kuanza na wanane wa akiba. Wachezaji 13 wa uwanjani: tisa wanaanza ukihesabu na DH (anayepiga tu badala ya mrushaji, halindi uwanjani), wanne benchi. Mmoja wa hao wanne ni mdakaji (anayepokea mipira ya mrushaji) wa pili, na hakuna kitu meneja anachokiogopa kama kumtumia mdakaji wa pili kupiga inningi ya 6 (mechi ina inningi tisa za kupokezana kupiga) halafu wa kwanza aumie inningi ya 8. Kwa hiyo benchi la kutumika ni watu watatu: mmoja anayecheza shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu), besi ya pili na ya tatu, mmoja wa nje anayeweza kusimama sentafildi (katikati ya uwanja wa nje), na mmoja wa kupiga, mara nyingi wa mkono ulio kinyume na wa mwenzake anayegawana naye nafasi. Klabu inayojaza benchi kwa wapigaji wazito wa besi ya kwanza hufika Julai haina wa kumpumzisha shotistopu.

Sasa opsheni. Mchezaji akiingizwa kwenye orodha ya 40 klabu inapata miaka mitatu ya kumshusha na kumpandisha itakavyo, ila si zaidi ya mara tano ndani ya msimu mmoja. Akikaa chini jumla ya siku zisizofika 20, mwaka huo hauhesabiwi. Mrushaji akishushwa anakaa siku 15 kabla ya kurudi, mchezaji wa uwanjani siku 10, isipokuwa anarudi kuziba nafasi ya mtu aliyeingia orodha ya majeruhi. Mwenye miaka mitano ya huduma (muda aliokaa ligi kuu) hashushwi bila ridhaa yake.

Chukueni mfano. Ijumaa mrushaji wa kuanza anarudi kutoka majeruhi na warushaji 13 wamejaa. Wanaojadiliwa ni wanne, wote wa akiba. A ana miaka saba ya huduma. B opsheni zimemwishia na anapigwa. C ana opsheni moja na anarusha vizuri kuliko B. D alichukuliwa kwenye drafti ya Rule 5, ambako klabu huchukua wachezaji wa klabu nyingine wasiomo kwenye 40. A hawezi kuguswa bila kukubali. D akishushwa anapitia weiva (klabu nyingine hupewa nafasi ya kumchukua), na asipochukuliwa anarudishiwa klabu yake ya zamani kwa dola 50,000, nusu ya dola 100,000 zilizomnunua. B akiondolewa anaweza kuchukuliwa na yeyote. Anashuka C. Klabu ilikuwa na warushaji 14 asubuhi na jioni bado ina 14. Ingemwondoa B wangebaki 13, na kwa msimu mzima klabu hutumia warushaji zaidi ya 25, kwa hiyo huyo mmoja ana thamani hata kama leo anapigwa. Siku 15 za C kule chini ndizo siku za kumpima B. Asipobadilika, C anarudi na B anaondoka.

Inapoharibika ni pale meneja anapomtumia B kwenye mechi ya pointi moja wakati huo wa majaribio. Mtu unayempima mpe inningi ya 6 ukiwa nyuma kwa pointi nne.

#2 Karatasi_ya_Alama

BesiTatu shukrani. Niongeze kuhusu DFA (designated for assignment), maana watu hudhani ni kufukuzwa.

DFA humwondoa mchezaji kwenye orodha ya 40 papo hapo, na klabu inapata siku saba za kuamua: imuuze kwa mabadilishano, imwachie, au imweke kwenye weiva. Kwenye weiva klabu zenye rekodi mbaya zinatangulia kuchagua. Inayomchukua inabeba mkataba wake na lazima impe nafasi kwenye 40 yake. Asipochukuliwa, klabu inaweza kumpeleka ligi ndogo bila kumhesabu kwenye 40. Lakini mwenye miaka mitatu ya huduma, au aliyewahi kupelekwa hivyo kabla, ana haki ya kukataa na kuwa mchezaji huru. Akiwa na miaka mitano anakataa na mshahara wake wote bado anadai. Aliye kati ya mitatu na mitano akikataa anaacha pesa zilizobaki, na ndiyo maana wenye mikataba minono ya umri huo mara nyingi hukubali kushuka.

Hesabu za muda nazo. Wiki ya mwisho ya Machi ndiyo nzuri ya kumpitisha mtu kwenye weiva, kwa sababu klabu zote 30 zinahangaika na 26 zao na chache zina nafasi. Ukisubiri katikati ya Mei, majeruhi wameshaanza na kila klabu inatafuta mkono. Mrushaji yule yule aliyepita Machi bila kuguswa atachukuliwa Mei.

#3 Mgeni_wa_Lupaso

Wakuu mimi ni mtu wa soka, besiboli najifunza. Opsheni ni kama mkopo? Na kwa nini wasimweke tu kwenye majeruhi yule B akapumzike?

#4 BesiTatu

Karibu mkuu. Tofauti na mkopo ni kwamba hakuna klabu ya pili yenye sauti. Timu ya Triple-A inafuata maagizo ya klabu mama: mrushaji atarusha mipira mingapi, siku gani, na hata afanyie kazi mtupo upi. Klabu mama ikimtaka kesho, anapanda ndege.

Orodha ya majeruhi inahitaji daktari athibitishe, na ligi inaweza kuhoji. Zipo nne: siku 7 kwa mtikisiko wa ubongo, 10 kwa wachezaji wa uwanjani, 15 kwa warushaji, na 60. Unaweza kurudisha tarehe nyuma siku tatu tu, kwa hiyo mtu akiumia msuli Jumatatu na klabu ikasubiri hadi Jumapili kuona kama atapona, imejitupia siku tatu na imecheza wiki nzima na watu 25. Kosa hili hutokea mara nyingi kwa misuli ya paja. Paja likivuta kweli halisubiriwi, andika siku ile ile.

Ile ya siku 60 ina faida yake: mtu humo hahesabiwi kwenye 40. Ndiyo njia ya kwanza ya kutafuta nafasi kabla hujagusa DFA.

#5 Mkono_wa_Kushoto

Mimi naomba tuhamie kwenye mpangilio wa kupiga, maana huko maneno ni mengi kuliko uzito wake.

Kila hatua unayoshuka kwenye mpangilio inakupunguzia takriban zamu 18 za kupiga kwa msimu. Hesabu yake ni rahisi: mechi huisha kwa mpigaji wa nafasi yoyote kati ya tisa, kwa hiyo 162 gawanya kwa 9. Kutoka wa kwanza hadi wa tisa ni zamu 144 hivi. Kanuni ya kwanza basi: wanaofika besi mara nyingi wakae juu, hata kama hawana mbio. Yule mwepesi anayepata auti (kutolewa; tatu zinamaliza zamu ya timu) kila siku hana kazi nafasi ya 1.

Nafasi ya 2 siku hizi inapewa mmoja wa wapigaji bora kabisa, na sababu ipo. Wa 3 inningi ya kwanza mara nyingi hukuta auti mbili na besi tupu. Wa 2 hakutani na hali hiyo mara nyingi hivyo, na anapata zamu nyingi zaidi. Wa 4 ndiye hukuta watu kwenye besi kuliko wote, kwa hiyo pale weka nguvu.

Halafu mikono: kwa kawaida mpigaji hutaabika zaidi kwa mrushaji wa mkono kama wake. Tangu 2020 mrushaji wa akiba anayeingia lazima akabili wapigaji watatu, au amalize inningi, isipokuwa akiumia. Meneja mwenye akili hawapangi wapigaji wawili wa kushoto mfululizo wakati anaye wa kulia mzuri wa kuweka kati. Ukiwaunganisha, umempa mpinzani nafasi ya kumleta mrushaji wa kushoto kwa hao wawili na kumlipa kwa mmoja tu wa kulia. Ukiwatenganisha kushoto-kulia-kushoto, yule mrushaji lazima apite kwa mtu wako hatari katikati.

Kugawana nafasi nako kuangaliwe vizuri. Warushaji wa kuanza wengi ni wa kulia, kwa hiyo katika wawili wanaogawana besi ya kwanza, yule wa kushoto atacheza theluthi mbili ya mechi au zaidi. Usimlipe wa kulia kama mchezaji kamili. Na usimpe kiti cha benchi kama hana kingine zaidi ya kuwapiga warushaji wa kushoto.

#6 Karatasi_ya_Alama

Kaka Mkono_wa_Kushoto, nakubaliana na yote isipokuwa hapo kwenye wepesi. Tangu 2023 besi zimekua kutoka inchi 15 hadi 18 na mrushaji haruhusiwi kutoka kwenye bamba la kurushia zaidi ya mara mbili kwa mpigaji mmoja bila hatari ya kuadhibiwa. Kuiba besi (kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa) kumekuwa rahisi. Mwepesi anayefika besi kwa wastani wa kawaida anastahili kufikiriwa juu, au nafasi ya 9 ili awe mbele ya nafasi ya 1 mpangilio ukizunguka.

#7 Mkono_wa_Kushoto

Nafasi ya 9 naafiki. Kumweka 1 unamnyima zamu mtu bora kuliko yeye, na zile 18 zinajirudia kila hatua.

#8 Mdakaji_Nambari2

Hamjagusa wadakaji, na hapo ndipo benchi huvunjika.

Mdakaji wa kwanza hawezi kuanza mechi zote. Wa pili huanza mechi 50 hivi, na ratiba yake hupangwa mapema: mchana baada ya mechi ya usiku, na siku za mrushaji wa kuanza anayeelewana naye. Jambo la hatari ni kumtumia mdakaji wa pili kama DH. Wa kwanza akiumia, DH anaingia kudaka, na kanuni inasema DH imekufa kwa timu ile: mrushaji anachukua nafasi ya kupiga ya yule aliyetoka. Kuanzia hapo kila nafasi hiyo ikifika unateketeza mtu wa benchi kumpigia mrushaji, na kila ukifanya hivyo unabadilisha mrushaji.

Kuna klabu zinakubali hatari hiyo kwa makusudi kwa sababu mdakaji wao wa pili anapiga vizuri. Wengine hubeba watatu. Watatu wanakula kiti kimoja kati ya vile vitatu vya BesiTatu, kwa hiyo wafanye hivyo tu ikiwa mmoja anaweza kucheza besi ya kwanza au nje. Vinginevyo awepo mchezaji wa uwanjani aliyefanyishwa mazoezi ya kudaka tangu Februari. Ukisubiri mechi ndiyo umwambie avae kinga, mipira itampita.

#9 NjiaYaNne

Wakuu mfano bora wa yote haya ni Dodgers dhidi ya Blue Jays, fainali ya 2025 (anayefikisha ushindi wa mechi nne ndiye bingwa). Nautaja kwa sababu ile mechi ya 7 ya Novemba 1 iliamuliwa na maamuzi ya kikosi kuliko nguvu.

Kwanza Ohtani wa Dodgers, anayerusha na pia kupiga. Watu waliuliza kwa nini asiwekwe akiba aje kumaliza, badala ya kuanza mechi akiwa na mapumziko ya siku tatu. Jibu ni kanuni ya 2022: mrushaji wa kuanza ambaye pia ni DH anahesabiwa kama watu wawili. Akitoka kilimani, anabaki kupiga. Lakini akianza kama DH peke yake halafu aje kurusha katikati ya mechi, DH inaisha, na akimaliza kurusha lazima aende kucheza nje au atoke kabisa. Kumtumia Ohtani mwishoni kungeweza kuwanyima mpigaji wao bora kwenye inningi za ziada. Akianza, hata akipigwa, bati lake linabaki. Na alipigwa: Bichette wa Blue Jays alimgonga homurani (mpira uliovuka ukuta) ya pointi tatu inningi ya 3. Ohtani akatoka, akaendelea kupiga hadi mwisho.

Pili, Miguel Rojas. Pages, wa sentafildi, alikuwa hapigi mwezi mzima. Roberts, meneja wa Dodgers, alimtoa kuanzia mechi ya 5, na kwenye mechi ya 6 akamhamisha Edman kutoka besi ya pili kwenda sentafildi, akamweka Rojas besi ya pili, akipiga wa 9. Kwenye karatasi ni mabadiliko madogo. Mechi ya 6 iliisha kwa Kiké Hernández kudaka nje kushoto na kumrushia Rojas kwenye besi ya pili, auti mbili kwa mpigo, 3-1. Mechi ya 7, inningi ya 9, auti moja, Dodgers nyuma 4-3, Rojas akapiga homurani ya kusawazisha. Nusu ya pili ya inningi hiyo hiyo, besi zimejaa, mpira wa ardhini wa Varsho wa Blue Jays ukamwendea yeye, akarusha nyumbani, auti. Na Pages? Aliingizwa sentafildi inningi ile ile kwa ajili ya ulinzi, akaukimbilia mpira wa Clement, mpigaji wa Blue Jays, hadi kumgonga Kiké, akaudaka. Mtu aliyetolewa kwa kushindwa kupiga alikuwa bado ana kazi, kwa sababu meneja hakuwa amemtumia hovyo mapema kama mkimbiaji au mpigaji wa akiba.

Tatu, warushaji. Mechi hiyo upande wa Dodgers walirusha Ohtani, Wrobleski, Glasnow, Sheehan, Snell na Yamamoto. Yamamoto alikuwa amerusha mipira 96 jana yake. Akarusha 34 zaidi. Will Smith wa Dodgers alipiga homurani inningi ya 11, 5-4. Kwenye mechi ya mwisho ya mwaka hakuna kesho ya kuitunzia mikono, kwa hiyo warushaji wa kuanza wakawa ndio akiba. Mwezi wa Mei ukifanya hivi umeua msimu.

#10 Mgeni_wa_Lupaso

Hapo kwa Ohtani nimeelewa leo. Lakini mkuu, si ndiyo inaonyesha mtu wa 26 kwenye kikosi hana maana? Walioshinda ni mastaa.

#11 NjiaYaNne

Rudi mechi ya 3 ya fainali hiyo hiyo. Ilikwenda inningi 18. Will Klein wa Dodgers ndiye mrushaji wa mwisho aliyebaki kwenye akiba, akarusha inningi nne, mipira 72, bila kuruhusu pointi, mpaka Freeman akamaliza kwa homurani, 6-5. Mtu wa chini kabisa kwenye orodha alirusha karibu sawa na wa kuanza. Kila klabu inapochagua mrushaji wa 13 iulize: akibaki peke yake, anaweza kwenda inningi tatu? Kama jibu ni inningi moja tu, basi awe bora sana katika hiyo moja.

#12 Mkono_wa_Kushoto

Naweka upande wa pili, maana fainali hazikosi maamuzi yaliyoumiza.

Oktoba 25, 2024, mechi ya 1 ya fainali, Yankees wanaongoza Dodgers 3-2 inningi ya 10. Meneja wao Boone anamleta Nestor Cortes, wa kushoto, ambaye hakuwa amerusha mechi tangu Septemba 18 kwa sababu ya jeraha la mkono. Akamtoa Ohtani kwa mpira wa kudakwa. Betts, wa kulia, akapewa besi bure kwa makusudi. Freeman, wa kushoto, mpira wa kwanza: homurani besi zote zikiwa na watu, 6-3. Akiba alikuwepo Tim Hill, wa kushoto pia, aliyekuwa amerusha Oktoba yote. Kanuni ya mkono wa kushoto kwa kushoto haikuwa mbaya. Mkono uliokaa zaidi ya mwezi bila mechi ndio ulipaswa kupewa inningi isiyo na watu kwenye besi.

Na fainali ya 2020, mechi ya 6, Tampa Bay dhidi ya Dodgers. Snell, wakati huo wa Tampa Bay, amerusha mipira 73, straikauti (kumtoa mpigaji kwa kukosa mipira) tisa, 1-0 juu, inningi ya 6, auti moja, mtu besi ya kwanza. Meneja Cash akamtoa kwa sababu wapigaji wa juu wa Dodgers walikuwa wanakuja mara ya tatu. Nick Anderson akaingia, Betts akapiga hadi besi ya pili, mtupo mmoja ukamponyoka Anderson, na pointi mbili zikaingia. Mwisho 3-1.

#13 Karatasi_ya_Alama

Mkuu, kuhusu Snell nisimame kidogo. Kumwogopa mrushaji mara ya tatu kwenye mpangilio ni jambo lenye msingi: wapigaji wameshaona mitupo yake yote, na kasi yake inashuka. Klabu ile ilijengwa juu ya hilo. Mei 19, 2018 walianzisha mechi na Sergio Romo, mrushaji wa akiba, awakabili wa juu inningi ya kwanza, ili anayefuata arushe muda mrefu aanzie kwa wapigaji dhaifu na akutane na hatari mara chache. Lilikuwa wazo zuri na klabu nyingi zimeliiga.

Kosa la 2020 kwangu ni kumleta Anderson. Alikuwa ameruhusu pointi katika mechi sita mfululizo za Oktoba ile. Wale watatu wa juu, Betts, Seager na Turner, Snell alikuwa amewapiga straikauti zote sita walizosimama mbele yake. Unapomtoa mtu kwa kanuni, linganisha na anayeingia kwa jina, namna alivyo usiku ule.

#14 Mkono_wa_Kushoto

Hapo tunakubaliana. Swali huwa ni "huyu au yule", na watu hubishana "huyu abaki au atoke" tu.

#15 Kampala26

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi nafuatilia vijana wetu wa Uganda. Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Dodgers 2022, David Matoma na Pirates 2023. Kwa kanuni hizi, lini klabu italazimika kuamua juu ya mtu kama Matoma?

#16 BesiTatu

Swali zuri ndugu yangu. Aliyesaini akiwa na umri wa miaka 18 au chini ya hapo klabu ina misimu mitano kabla ya kumwingiza kwenye orodha ya 40 au kumwacha wazi kwa drafti ya Rule 5. Aliyesaini na miaka 19 au zaidi, misimu minne. Kijana aliyesaini 2023 chini ya 19 anafika hapo Desemba 2027, na uamuzi unafanyika Novemba yake. Mkataba wa sasa kati ya ligi na chama cha wachezaji unaisha Desemba 1, 2026, kwa hiyo kanuni zenyewe zinaweza kubadilika kabla.

Kinachoangaliwa ni kama klabu nyingine inaweza kumbeba kwenye 26 msimu mzima, maana anayemchukua hawezi kumshusha. Mrushaji mwenye kasi kubwa hata asipokuwa na udhibiti huchukuliwa haraka, kwa sababu ni rahisi kumficha: inningi ya 7, pointi sita nyuma. Mchezaji wa uwanjani wa ligi za chini hafichiki, atapiga siku atakayopangwa na wote wataona. Kwa hiyo warushaji hulindwa kwanza.

Na njia ni ndefu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pirates 2008, akacheza MLB mara ya kwanza Aprili 26, 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kufika pale. Alipanda kwa ulinzi wake wa ndani, yaani kile kiti cha benchi cha mtu anayecheza shotistopu na besi ya pili. Vijana wanaofundishwa Kampala, au pale Azania Dar, wajue kiti hicho kipo katika kila klabu na hakihitaji homurani 30.

#17 Mgeni_wa_Lupaso

Nimesikia pia klabu humchelewesha kijana bora kwa makusudi mwezi wa nne. Kweli?

#18 Karatasi_ya_Alama

Kweli, na kisa kinachojulikana ni Kris Bryant, Cubs, 2015. Mwaka wa huduma ni siku 172. Alipandishwa Aprili 17, akamaliza na siku 171. Siku moja hiyo ilimchelewesha mwaka mzima kuwa mchezaji huru, kwani inahitajika miaka sita kamili. Alishtaki, akashindwa 2020.

Tangu 2022 kuna dawa kidogo. Mgeni bora wa mwaka (mchezaji bora wa msimu wa kwanza) na anayemfuata kwenye kura wanapewa mwaka kamili hata wakichelewa kupandishwa. Na klabu inayomwanzisha kijana wake anayetarajiwa sana tangu mwanzo wa msimu inaweza kupata nafasi ya ziada kwenye drafti ya wachezaji wapya akishinda tuzo. Seattle walifanya hivyo na Julio Rodríguez 2022 na wakafaidi. Mimi naona ni sahihi kabisa: kijana aliye tayari acheze. Mechi 15 za Aprili zina uzito sawa na 15 za Septemba kwenye msimamo.

#19 Mdakaji_Nambari2

Kabla hatujafika Novemba, naomba anayesimamia warushaji wa akiba naye akumbukwe. Weka jedwali la siku tatu: kila mrushaji, mipira aliyorusha jana, juzi na siku iliyotangulia juzi. Aliyerusha siku mbili mfululizo apumzike ya tatu. Aliyepita 30 jana apumzike leo. Ukikuta asubuhi waliobaki ni watatu tu, piga simu Triple-A kabla ya saa sita mchana, si inningi ya 5. Tahadhari: ukiwashusha wawili siku moja ili kuleta mikono mipya, wote wawili wamefungiwa siku 15. Siku ya tatu wale wapya nao wamechoka na huna wa kumrudisha mpaka mtu aumie. Shusha mmoja, mwingine siku inayofuata.

Na ukiwa nyuma kwa pointi 8 au zaidi, kanuni inakuruhusu umweke mchezaji wa uwanjani arushe. Mwambie arushe taratibu katikati ya bamba la mpigaji, asijaribu kasi. Bega la besi ya kwanza lina thamani kuliko inningi ile.

#20 BesiTatu

Nimalizie na Novemba basi. Baada ya fainali ile orodha ya siku 60 inafungwa, wote wanarudi kwenye 40. Chukua klabu yenye watu 40 na majeruhi watano wa muda mrefu: 45. Wachezaji huru sita wanaondoka: 39. Vijana wanne wanahitaji kulindwa na Rule 5: 43. Watatu lazima watoke kabla ya tarehe ya katikati ya Novemba.

Mimi ningeanza na mrushaji wa akiba asiye na opsheni anayeingia miaka ya kudai mshahara mkubwa, kwani mfano wake hupatikana Januari kwa mkataba wa ligi ndogo. Wa pili ni mpigaji wa besi ya kwanza anayegawana nafasi. Wa tatu nisimwachie bure: ningemuunganisha na mmoja wa hao wawili kwenye mabadilishano ya wawili kwa mmoja, klabu nyingine yenye nafasi ipate wawili, mimi nipate kijana ambaye bado hahitaji kulindwa. Klabu zinazofika tarehe hiyo bila kupiga simu hizo wiki mbili kabla huishia kuwapoteza wote watatu kwa weiva.

#21 Kampala26

Na ukibaki na 40 kamili, Desemba unaweza kuchagua mtu kwenye Rule 5?

#22 BesiTatu

Hapana. Lazima uwe na nafasi wazi siku ya drafti. Kama unamtaka mtu, baki na 39.